Kabla Maua ya Februari Hayajaondoka: Mwongozo wa Kikundi cha Afya kwa Familia za Mashamba ya Naivasha

Kama unaishi Karagita, DCK au ploti nyingine yoyote kando ya barabara ya Moi South Lake, unajua kwamba mwaka wa Naivasha hauhesabiwi kama mwaka wa watu wengine. Unaanza mwishoni mwa Januari, mawaridi yanapokimbizwa Ulaya kuwahi tarehe 14 Februari. Ofu ya Jumapili inaliwa. Ovataimu inaingia usiku. Unafika chumbani saa tatu, watoto wamelala kwa chai na mkate, nawe unanunua chipsi za mfukoni kwa kuwa kuwasha jiko saa hiyo ni zamu ya pili. Tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa Jumanne, na Jumanne ilikupita ukiwa pakihausi. Vidonge vya presha vilikwisha Alhamisi. Ukajiambia utakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao kuna Siku ya Akina Mama ya Waingereza, na hiyo ikipita, Wamarekani wana yao mwezi Mei.

Ndivyo watu wa mashamba ya maua wanavyopoteza afya yao, kidogo kidogo, kwa tarehe zilizopita. Sitakuambia kwamba chumvi nyingi ni mbaya au kwamba sukari ina madhara. Mabango ya zahanati yamekwisha kukuambia, na umeyasoma ukiwa kwenye foleni. Kinachokosekana ni saa za kulifanyia kazi hilo unalolijua, na mtu wa kutambua kwamba wiki hii hukumeza dawa. Saa na mtu wa kutambua ni vitu ambavyo majirani kumi na watano wanaweza kupeana, hata kama hakuna aliyesomea uuguzi. Basi mwongozo huu unahusu namna ya kuwapanga hao majirani.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu Mkenya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Chukua ploti yako yenye vyumba kumi na viwili, watu wazima tuseme ishirini. Hesabu mwenyewe ni wangapi wanaotembea na presha, na ni wangapi kati ya hao wanaojua.

Tumia chama mlicho nacho

Usianzishe kitu kipya ikiwa cha zamani kipo. Kila ploti ina chama: cha mzunguko wa pesa, cha sufuria na mablanketi, cha watu wa kwetu, cha mazishi. Chama kina vitu vitatu ambavyo mradi wowote wa afya hulipa pesa nyingi kuvipata, navyo ni siku ya kukutana, daftari, na aibu ya kutofika. Chukua hicho hicho, ukiongezee nusu saa ya afya. (Ninaposema chama hapa nina maana ya hiki cha mzunguko. Chama cha wafanyakazi nitakiita yunioni, tusichanganyikiwe.)

Siku nzuri ya kukutania ni Jumapili ya kwanza baada ya mshahara. Wakati huo watu wapo, wana pesa kidogo, na mioyo imetulia. Ukiweka katikati ya mwezi utawakosa, maana katikati ya mwezi watu hukwepana kwa sababu ya madeni.

Idadi iwe kati ya kumi na wawili na ishirini. Chagueni watunzaji wawili wa kikundi, mmoja wa grinihausi na mwingine wa pakihausi, ili msimu ukipamba moto wasifungwe na zamu moja wote wawili. Hawahitaji kuwa wasomi. Awe mtu anayeandika namba vizuri na asiyepeleka maneno. Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na nitalirudia.

Kisha mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu hawa zaidi ya laki moja nchini kote mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na kipimajoto, na kila mmoja amepewa takriban nyumba mia moja za kutembelea. Shida yake ni kwamba huja mchana, nanyi mchana mko shambani, kwa hiyo anakuta milango yenye kufuli. Mwiteni kwenye kikao cha Jumapili. Akija mara moja akakuta watu kumi na watano wameketi pamoja, hamtamtafuta tena; mtakuwa mmemwokolea wiki nzima ya kugonga milango. Lakini msitegemee mkoba wake peke yake. Stripu za kupimia sukari huisha na betri hufa. Kila mwanachama akitoa shilingi 50 kwa wiki, watu kumi na watano wanakusanya 3,000 kwa mwezi, na katika miezi michache mtakuwa na mashine yenu ya presha ya kuvaa mkono wa juu, na akiba ya dharura ambayo nitaieleza mbele. Ile ya kifundo cha mkono ni rahisi kubeba, ila husoma vibaya mkono usipowekwa sawasawa. Iacheni dukani.

Wanaume watakuwa tatizo. Hawaji kwenye chama cha kina mama, na ndio wanaogundua presha yao siku wanapoanguka. Msipoteze nguvu kuwabembeleza waje. Chukueni mashine muipeleke kwa kinyozi Jumapili alasiri, au pale wanapocheza drafti. Mwanamume akiona mwenzake amepimwa na amekuwa na 160, atakunja mkono wa shati mwenyewe, kwa ushindani tu.

Kama kuna mtu anayekuambia kwamba watu wa ploti hawawezi kukumbushana dawa za maisha, mkumbushe ukimwi. Mitaa hii ilikwisha kujifunza, kwa uchungu mkubwa, namna ya kukaa kwenye dawa kila siku: watu wanaotumia dawa za virusi walijiunga vikundi vidogo, mmoja akaenda kliniki kuchukua za wote, mwezi ufuatao akaenda mwingine. Kitu kile kile kinafaa kwa vidonge vya presha na sukari. Mwulize muuguzi wa kituo chenu kama atakubali, na muende na kadi za wenyewe. Akikubali, safari sita za watu sita zinakuwa safari moja.

Kupima kwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namba mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Nimeona mtu akipimwa amesimama, amebeba mtoto, anazungumza na simu, halafu anaambiwa ana presha ya kutisha. Akalala macho wiki nzima.

Anayepimwa aketi dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote chini, isikunjwe moja juu ya nyingine. Awe amekwenda haja ndogo. Asiwe amekunywa chai au kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla ya hapo. Mkono ulale juu ya meza, kitambaa cha mashine kiwe usawa wa moyo na kigusane na ngozi, kisipitie juu ya sweta. Pimeni mara mbili, muache dakika moja katikati, mwandike zote mbili.

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, msimwite mgonjwa siku hiyo. Mpimeni tena siku nyingine. Ikirudi vile vile, aende kituoni na karatasi yenye namba zote na tarehe. Daktari atafurahi kuiona kuliko anavyofurahia maneno "huwa naskia kizunguzungu". Ikifika 180 kwa 120, apumzike apimwe tena baada ya dakika chache, na kama haijashuka aende kituoni siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja na namba hizo ana maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, macho yanayoona ukungu au pumzi ya kukatika, hiyo ni hospitali sasa hivi.

Kwa sukari, asubuhi kabla ya kula, 7.0 na zaidi inahitaji kupimwa upya kituoni. Ukimpima mtu saa yoyote ya mchana ukapata 11.1 au zaidi, naye anakojoa sana, ana kiu isiyokatika na anakonda, msingoje Jumapili nyingine. Kila mtu na sindano yake. Kichomeo cha kidole hakiazimwi, hata kwa mume na mke.

Sasa lile la maneno. Katika daftari andikeni namba ya mwanachama badala ya jina. Orodha ya majina akae nayo mtunzaji mmoja, sanduku lake likiwa na kufuli. Watu wengi mashambani wako kwenye mikataba ya msimu, na wanaogopa kwamba msimamizi akijua nani ana sukari, mkataba hautarudiwa. Hofu hiyo ina mantiki yake. Habari za afya ni siri ya mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka katika kundi la habari nyeti. Mtunzaji atakayesimulia presha ya jirani kwenye foleni ya maji aondolewe siku hiyo hiyo, bila kikao cha pili. Kikundi hakiponi baada ya uvujaji wa namna hiyo.

Kuzitetea tarehe za kliniki

Ukichukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Mwezi wa Desemba, kabla msimu haujaanza, kila mwanachama alete kadi yake ya kliniki kikaoni. Tazameni tarehe za Januari hadi Machi. Zile zinazoangukia wiki za msukumo mkubwa, nendeni kituoni mkaombe zisogezwe mbele, na muombe mgao wa dawa utakaovuka Februari. Muuguzi hawezi kujua kalenda ya maua usipomwambia.

Upande wa shamba, zungumzeni kupitia shopstewati wa yunioni au kamati ya ustawi ya wafanyakazi. Msiende na majina. Nendeni na hesabu: "Katika kitengo hiki tunahitaji ruhusa ya asubuhi sita kwa ajili ya kliniki, kati ya tarehe fulani na fulani, na tutazipanga zisigongane." Msimamizi anachoogopa ni kushtukizwa. Ukimpa hesabu mapema, umempa kitu anachoweza kupanga.

Jueni pia mnachodai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila miezi kumi na miwili, akiwa na cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata matibabu ya kufaa anapougua. Na kibarua anayefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikafika mwezi mmoja, haki zake zinahesabiwa kama za mwenye mkataba wa mwezi. Makubaliano ya yunioni na waajiri yanaweza kuwa yametoa zaidi ya hapo. Mwambieni shopstewati awasomee kipengele chenyewe, asiwaeleze kwa kumbukumbu.

Kuhusu bima: tangu Oktoba 2024 makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla, na yanakwenda kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba kukatwa kunatosha. Mwenzi na watoto hawaonekani mpaka wewe mwenyewe uwaandikishe, na familia nyingi za Naivasha zimegawanyika, baba huku, watoto Kisii au Bungoma kwa nyanya yao. Siku moja ya kikao itengwe kwa kazi hiyo tu: kila mtu na simu yake, piga *147#, kijana mmoja anayejua aongoze. Ukishajisajili, huduma za zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Mkataba wa msimu ukiisha makato husimama, na hapo mchango wako unahesabiwa upya kwa mwaka kulingana na uwezo wa nyumba. Usingoje uugue ndipo uende kuuliza.

Chungu cha Jumapili

Ushauri wa chakula unaotolewa mijini hauna msaada hapa. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri hawezi "kupanga mlo". Chipsi na chapati za barabarani zinashinda kwa sababu ziko tayari, basi nanyi fanyeni chakula kizuri kiwe tayari.

Baada ya mshahara, kikundi kinunue gunia la maharagwe au ndengu kwa pamoja. Bei ya gunia ikigawanywa ni nafuu kuliko gorogoro la kioski. Jumapili watu wanne wachemshe chungu kikubwa kwa moto mmoja, kila nyumba ichukue sehemu yake bila chumvi. Kilichochemshwa kikiepuliwa, gaweni mapema na mkipoze, kila nyumba ipashe moto hadi kichemke jioni na asubuhi. Baridi ya Naivasha usiku inasaidia, ila siku ya tatu msicheze nayo. Jioni ya Jumatatu kazi inabaki kukaanga kitunguu na nyanya. Wiki ijayo, wanne wengine. Hesabu ya makaa peke yake itawashangaza.

Kwenye chumvi, kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima ni kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kwa kichuguu, na humo ndani kuna ya mboga, ya mkate, ya chipsi na ya viungo vya pakiti. Hivi vya pakiti ndivyo vinavyotuponza. Mpishi anatia chumvi, kisha anatia viungo ambavyo navyo ni chumvi iliyopakwa rangi. Tieni kimoja. Chupa ya chumvi iondoke mezani, na mafuta ya kupimiwa yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Kuhusu chai sina matumaini makubwa. Hakuna mtu atakayekunywa chai bila sukari saa kumi na moja asubuhi, kwenye baridi ya ziwani, akisubiri basi la shamba. Punguza kijiko kimoja mwezi huu, kimoja mwezi ujao. Afadhali mtu atoke vijiko vinne hadi viwili na abaki hapo, kuliko aapishwe kuacha kisha arudi kwa hasira.

Mboga zinaweza kukua uani. Gunia lenye udongo na samadi, mawe katikati ya kupitisha maji, matundu pembeni: sukuma, managu, mchicha, hata ploti ya simenti inatosha. Onyo ni moja. Msitumie mitungi au mifuko iliyokuwa na dawa za shamba, wala udongo uliotolewa grinihausi, hata ukipewa bure.

Na watoto wanaoshinda dekea? Mwenye dekea anawapa uji mwembamba na biskuti kwa sababu ada aliyotozwa mzazi ni ndogo. Kikundi kikimpelekea sehemu ya maharagwe kila wiki, mtakuwa mmewasaidia watoto wenu kuliko semina yoyote. Kama shamba lenu lina cheti cha Fairtrade, kumbukeni kwamba mnunuzi huongeza asilimia 10 juu ya bei ya maua, na fedha hizo huamuliwa na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Kamati nyingi hufikiria karo na majengo kwanza. Pelekeni ombi la maandishi: mboga za majani kwenye kantini, stripu za sukari, dekea. Ombi lililoandikwa na watu kumi na watano huwa gumu kuliahirisha.

Kuhusu mazoezi nitasema maneno machache. Mvunaji aliyetembea vitalu vya maua tangu asubuhi asiambiwe akimbie jioni. Aliyesimama pakihausi kwa saa nane ndiye anayehitaji kutembea, na kina mama hawawezi kutembea peke yao gizani, kwa hiyo teremkeni basini kituo kimoja kabla, mtembee kundi zima.

Maji, joto na sumu

Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi, na Naivasha haikuachwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto ndiyo dalili inayoonekana. Mifupa na viungo vinavyokakamaa ukubwani huja polepole, na watu huviita uzee. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Kwa hiyo ulizeni mwenye kioski cha maji kama yake yamechujwa floraidi, kwa mfano kwa chujio la mkaa wa mifupa, na ana karatasi ya kipimo. Maji yaliyochujwa na ya mvua yaende kwanza kwa wenye umri chini ya miaka minane, ambao meno yao ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya ufizi. Yale ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea.

Ndani ya grinihausi adhuhuri ni joto, na watu hupunguza kunywa maji ili wasiende chooni mara kwa mara, hasa pale ambapo choo kiko mbali au msimamizi anahesabu dakika. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, vijana wengi wamekufa kwa figo, na joto la kazi pamoja na ukosefu wa maji vinatajwa miongoni mwa sababu kuu. Dawa iliyoonekana kusaidia huko ilikuwa maji, kivuli na mapumziko. Naivasha haina joto la Nicaragua, lakini mwenye presha au sukari tayari ana figo zilizoelemewa. Bebeni chupa, na suala la choo mlipeleke kwa kamati ya usalama kazini kama suala la afya. Mtu mwenye mgongo au goti linalouma asimeze vidonge vya maumivu vya dukani kila siku ya msimu. Vingi vyao hupandisha presha na kuumiza figo.

Wapuliziaji wa dawa za maua wabadilishe nguo na kuoga shambani. Ovaroli isije nyumbani, na ikilazimika kuja, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nepi. Anayetumia dawa zinazogusa mishipa ya fahamu ana haki ya kuuliza majibu ya kipimo chake cha damu cha kolinesterasi, na kuyabeba. Saa za kungoja kabla ya kuingia kwenye kitalu kilichopuliziwa zipo kwenye lebo ya dawa, na hazipungui kwa sababu ni Februari. Sumu nyingine ni ya nyumbani: jiko la makaa lisikae ndani ya chumba kilichofungwa. Likoke nje, na usiku lisitumike kuota mkiwa mmelala.

Wanawake ndio wengi katika mashamba haya, basi kikao kimoja cha mwaka kiwe cha kwenda pamoja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kina mama wa miaka 25 hadi 49 ndio wanaolengwa zaidi. Wasichana wafikapo miaka 10 wanapewa chanjo ya HPV bure tangu Oktoba 2019. Kwenda kwa kundi huondoa nusu ya hofu, na kuhusu chanjo, mwalimu hawezi kukataa barua ya wazazi kumi wanaoiomba.

Usiku wa dharura

Kiharusi hakingoji mshahara. Kila mtu mzima katika ploti, na kila mtoto wa darasa la sita, ajue dalili tatu: uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja haunyanyuki, maneno yanatoka yamevurugika au hayatoki. Angalieni saa na muiandike, kwa kuwa daktari atauliza dalili zilianza lini. Msimpe dawa, maji wala chakula. Koo lake linaweza kuwa limelegea akakabwa. Msimpandishe boda. Tafuteni sasa, mchana wa leo, mwenye teksi mmoja anayelala karibu, mkubaliane bei ya usiku, na namba yake ibandikwe ukutani karibu na choo, mahali ambapo kila mtu hupita. Ile akiba ya chama niliyotaja iwe M-Pesa yenye watu wawili wanaojua namna ya kuitoa. Mkopo wa dharura urudishwe bila riba.

Mwenye sukari anayetetemeka, kutoka jasho la baridi na kuzungumza ovyo, kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha sukari mara moja, kisha chakula. Akizirai, msimwekee chochote mdomoni.

Kutakuwa na mwanachama aliyeacha vidonge akanunua chupa ya "kusafisha damu" kwenye matatu. Msimcheke. Mwambieni alete chupa kikaoni, mwandike jina la dawa hiyo daftarini, mmpime siku hiyo na baada ya wiki mbili. Namba zitazungumza naye vizuri kuliko ninyi, na aende nayo kliniki ili daktari ajue anachochanganya.

Mtu anapohama

Watu wa mashamba huondoka. Mkataba unaisha, mama mzaa chema anaugua kijijini, shamba linapunguza wafanyakazi. Mwanachama akitangaza kwamba anarudi nyumbani, mtunzaji aketi naye kabla ya siku ya safari. Anakili kurasa zake za daftari kwenye karatasi safi: namba zote za presha na sukari kwa tarehe, majina ya dawa na kipimo chake kama yalivyo kwenye pakiti, tarehe ya kliniki inayofuata. Waende wote wawili kituoni kuomba dawa za mwezi wa kwanza na barua ya rufaa. Amsaidie kubadilisha kituo chake. Kisha ampigie simu Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa ile ile ya kikao, amuulize kama amekwisha kumpata mhudumu wa afya wa huko, na ukurasa wake kwenye daftari ubaki wazi mpaka atakapojibu ndiyo.